Alama za Vidole Zilikuwa Zangu

Nilimsingizia msichana wa watu kwamba amemchoma mtoto wangu. Nikamtoa nyumbani kwangu jioni hiyohiyo, nikatangaza kosa lake kwa ndugu, majirani na kina mama wa kikundi. Hakuwa na kosa lolote. Aliyemchoma mtoto ni mimi mama yake, kwa mikono iliyolowa maji ya ndimu, siku niliyokuwa nawaandalia wageni kinywaji cha barafu. Naandika kwa sababu nilimchafulia jina hadharani, na toba ya chumbani haimsafishi mtu aliyechafuliwa barazani.

Wanaoijua Dar es Salaam ya mwezi wa Februari hawahitaji kuelezwa joto. Kaskazi inavuma lakini haipozi, umeme ukikatika feni zinasimama, na mtu anaamka usiku shuka limelowa jasho. Msimu ule nilikuwa nimejifunza kutengeneza mojito ya barafu, na nikaipenda kupita kiasi. Mojito asili yake ni Kuba: ramu, ndimu, nanaa, sukari na maji ya soda. Hii ya kusagwa imeazima ufundi wa daikiri, kinywaji kingine cha hukohuko, ambacho katika miaka ya 1930 Constantino Ribalaigua wa baa ya El Floridita, jijini Havana, alikuwa akikisaga na barafu kwa blenda ya umeme mpaka kinachoteka kwa kijiko.

Nilikuwa nimefikia mahali pa kujivunia. Kwa watu wanne natia ramu mililita 240, maji ya ndimu 120, shira 120 ya sukari na maji kwa vipimo sawa, majani ya nanaa ya kujaza kikombe, na barafu nusu kilo na ushei. Nilijua kwamba shira isipunguzwe, maana baridi kali huuficha utamu ulimini, na kinywaji kilichoonekana kitamu kabla ya barafu huwa chachu kikishaganda. Nilijua pia kwamba ramu isizidishwe. Ramu ya asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani, ambayo kwa kawaida huwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo ukimimina kwa pupa unabaki na maji ya baridi tu. Nanaa niliichagua majani bila vijiti, nikaipitisha kwenye maji ya moto kwa sekunde chache kisha kwenye maji ya barafu, isije ikageuka nyeusi ndani ya blenda. Nilijua hata kwamba mentholi iliyomo kwenye nanaa haipozi kitu chochote: inaziamsha tu neva zinazohisi baridi, ndiyo maana kinywani unasikia ubaridi zaidi kuliko ule uliomo kwenye glasi. Watoto nilikuwa nawasagia jagi lao mapema, bila ramu.

Yote hayo niliyajua. Kuhusu ndimu yenyewe na jua sikujua lolote.

Wageni walikuwa waje Jumapili mchana: kaka yangu na shemeji, mashoga wa kazini, na majirani wawili. Jikoni kulikuwa na joto la kumtoa mtu pumzi, nikaamua kuhamishia kazi uani. Nikatoa meza, ubao, kisu, bakuli na zaidi ya kilo moja ya ndimu nilizonunua soko la Ilala. Mwanangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne, alikuwa kwenye beseni kubwa la maji pembeni yangu, amevaa chupi tu, anarusha maji na kucheka. Kila alipotaka kutoka aliniita. Mimi niliacha kukamua, nikamshika chini ya makwapa kwa mikono yote miwili, nikamtoa. Baada ya muda akataka kurudi, nikamshika tena. Mikono yangu ilikuwa inachuruzika. Maji ya ndimu yalimwagika begani kwake yakateremka hadi kwenye kiwiko. Hakulia wala hakulalamika, kwa sababu haikumuuma. Aliendelea kucheza juani mpaka wageni walipofika.

Msichana aliyekuwa akinisaidia kazi hakuwepo siku hiyo. Jumapili ilikuwa siku yake ya kanisa, alitoka asubuhi akarudi jioni vyombo vimekwisha kuoshwa. Sitamtaja jina. Nitamwita Dada, kama mtoto alivyokuwa akimwita.

Jumatatu niliamkia kazini nikarudi usiku, mtoto amelala. Jumanne jioni nilipomvua nguo nimwogeshe ndipo nilipoona. Mgongoni, chini ya kwapa la kulia, palikuwa na mistari minne iliyolala sambamba, kila mmoja upana wa kidole. Kushoto palikuwa na mistari mingine, haikukolea sana. Mbele, kila upande wa kifua, palikuwa na doa la duara pale ambapo dole gumba hukandamiza. Kutoka begani mchirizi mwembamba ulishuka hadi kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa imeiva, rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, na kwenye mistari miwili malengelenge yalikuwa yameanza kutuna.

Mzazi yeyote akiona alama za vidole zilizoungua kwenye mwili wa mtoto wake ataelewa nilivyotetemeka. Ila kutetemeka hakunipi haki ya kufanya nililofanya baadaye. Nilijiuliza swali moja tu: jana na leo mtoto alikuwa na nani? Jibu lilikuwa jikoni, linachambua mchicha.

Kabla ya kumwita nilimuuliza mtoto. Nilimuuliza vibaya. Sikumwambia anieleze kilichotokea. Nilimwambia, "Dada alikushika hapa?" Akasema ndiyo. Na kweli, Dada alimshika kila siku, kumwogesha, kumvalisha, kumbeba. "Alikumwagia maji ya moto?" Mtoto alinitazama usoni, akaona hasira, akatikisa kichwa kukubali. Mtoto wa umri ule hukubali anachoona mama yake anataka kusikia. Nilikuwa nimeshatoa hukumu, nikamtumia mwanangu kuitia sahihi.

Dada alikuja anafuta mikono kwenye kanga. Nilipomwonyesha mgongo wa mtoto alishtuka.

"Mama, mimi sijamfanya kitu. Jana usiku nilipomwogesha niliona panaanza kuwa pekundu, nikajua ni joto, nikampaka poda."

Alisema alichokiona, kwa uaminifu. Mimi nikasikia mtu aliyejua mtoto ameumia akaficha. Nikamwambia afungashe. Aliomba alale mpaka asubuhi kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na ndugu yake anakaa mbali, Mbagala. Nikakataa. Nikampekua begi kabla hajatoka, ingawa hapakuwa na kitu kilichopotea. Mshahara wa mwezi ule sikumpa. Alikuwa amekaa nasi miaka zaidi ya miwili, na ndiye aliyemfundisha mwanangu kuhesabu hadi kumi. Alipofika getini aligeuka kumpungia mtoto mkono, nikafunga geti.

Usiku huo niliweka picha yake kwenye kundi la simu la familia, kundi la mtaa na la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Niliandika kwamba ni katili, amemwunguza mtoto, watu wajihadhari naye. Majibu yalimiminika. Waliokuwa hawajawahi kumwona walisema walimshuku tangu zamani. Maneno yao yalinifariji.

Asubuhi nilimpeleka mtoto hospitali nikiwa na hadithi yangu kamili. Daktari wa ngozi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha hakuuliza lolote kuhusu Dada. Aliuliza Jumamosi na Jumapili mtoto alikuwa wapi, alikaa juani kwa muda gani, alishikashika mimea gani. Akauliza kama kulikuwa na ndimu, limau au tini karibu naye. Nikamwambia kuhusu Jumapili, nikishangaa ndimu zinaingiaje kwenye kesi ya maji ya moto.

"Mama, hebu leta mkono wako hapa. Usimguse, uweke juu yake tu."

Nikanyoosha mkono juu ya mgongo wa mwanangu. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kilivunjika nikicheza netiboli shuleni, kikaunga kimepinda kuelekea ndani. Mstari wa nne kwenye mgongo wa mtoto ulikuwa umepinda vilevile, mahali palepale. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Daktari aliugeuza mkono wangu, akanionyesha ngozi ya katikati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ilikuwa imekuwa nyeusi na kukauka. Nilikuwa nimeiona tangu Jumanne asubuhi, nikadhani ni mafuta ya kukaangia.

Alinieleza taratibu. Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini, na ganda lake linazo nyingi kuliko maji yake, kwa hiyo anayekamua kwa mkono hupata zote mbili. Gizani hazina madhara makubwa kwenye ngozi. Zikiwa juu ya ngozi kisha zikapigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua, ile aina ya A ambayo hupenya hata mawingu, zinashambulia chembe hai za ngozi na kuziunguza. Ngozi yenye unyevu, iwe ya maji au ya jasho, huzipokea vizuri zaidi. Hali hii haina uhusiano na mzio. Inaweza kumpata mtu yeyote, mweupe au mweusi, mkubwa au mdogo. Na Dar es Salaam ipo takriban digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi jua la saa sita linasimama utosini. Nilikuwa nimempaka mwanangu dawa ya kumuunguza, kisha nikamwacha kwenye jua kali kuliko yote ya mwaka.

Jambo lililonipotosha zaidi ni muda. Moto huuma papo hapo, na aliyeungua hulia papo hapo. Kuungua kwa ndimu na jua hakusemi siku hiyo. Kwa kawaida alama huanza kuonekana baada ya saa 24 hivi, na hukolea kati ya siku ya pili na ya tatu. Kwa hiyo jeraha la Jumapili lilijitokeza siku za kazi, mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine. Daktari alisema hili limeshaandikwa kwenye majarida ya tiba ya nchi mbalimbali: wazazi na walezi wameshukiwa kuwatesa watoto kwa sababu ya alama za mikono na michirizi iliyofanana na maji ya moto, kumbe ni ndimu.

Baadaye nilisoma zaidi, na nilichosoma kiliniongezea aibu. Elimu hii si ngeni. Wamisri walitumia tangu kale mmea wenye kemikali za jamii hiyohiyo pamoja na jua kutibu mabaka meupe ya ngozi, na katika miaka ya 1940 daktari Abdel Monem El Mofty wa Kairo alitumia dawa iliyochujwa kutoka kwenye mmea huo kwa wagonjwa wake. Tangu miaka ya 1970 hospitali za ngozi hutibu magonjwa kadhaa kwa dawa ya aina hiyo pamoja na mwanga uliopimwa. Hospitalini wanapima dozi ya dawa na dakika za mwanga. Mimi sikupima chochote isipokuwa ramu.

Najua kuna atakayesema tumekamua ndimu tangu tuzaliwe na hatujaungua. Ni kweli kwa wengi. Ndimu ya samaki tunaikamua jikoni kivulini, tunanawa, tunakula. Ile ya pweza au mishikaki tunaikamulia jioni jua limeshazama. Hatari iko kwenye ndimu nyingi, mikono isiyooshwa, ngozi iliyo wazi na jua la mchana vinapokutana, na shughuli za kiangazi huvikutanisha vyote. Wapo pia wanaojisugua ndimu kwapani au usoni asubuhi kisha wakatoka kwenda kazini, na madoa meusi yakija wanalaumu sabuni.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, na hili sina wa kumsingizia hata kutojua. Nilitoka hospitali nikijua ukweli wote, na sikumpigia Dada simu. Niliona haya. Nilirudi kwenye yale makundi nikafuta ujumbe wangu kimyakimya, bila kusahihisha. Nilijiambia watu watasahau. Malengelenge ya mtoto yalikauka, yakabaki mabaka meusi ambayo daktari alisema yatachukua wiki hadi miezi kufifia, na kila nilipomwogesha niliviona vidole vyangu. Hata hivyo niliendelea kunyamaza kwa wiki kadhaa.

Nilipopata ujasiri wa kumpigia ndugu yake wa Mbagala, aliniambia Dada ameshaondoka jijini. Alikuwa amepata kazi nyumba nyingine, akaifanya kwa muda mfupi, mwenye nyumba akaletewa picha yake kwenye simu, akamtoa. Akarudi kwao Singida.

Nikapanda basi. Mama yake alinipokea uani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu," akanipa kigoda kabla ya kuuliza nimefuata nini. Nilieleza mbele yake na mbele ya binti yake, tangu ndimu mpaka ujumbe niliofuta. Nilimpa mshahara niliomnyima, malipo ya notisi na stahili zake nyingine. Ilikuwa haki yake tangu mwanzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na sheria hiyo haiishii kwenye maofisi. Mimi sikumpa hata nafasi ya kumaliza sentensi.

Nilimwomba arudi, akakataa. Alikunja zile pesa bila kuzihesabu, akasema, "Nashukuru mama. Lakini picha yangu iko kwa watu. Ulichoniambia mimi hapa, waambie na wao."

Niliwaambia. Niliandika ukweli kwenye makundi yote matatu. Ujumbe wa kwanza, ule wa uongo, ulikuwa umejibiwa na watu wengi na kusambazwa nje ya makundi. Ule wa ukweli ulijibiwa na wachache, na mmoja wao aliniuliza kama nina hakika. Ndiyo sababu nimeona maneno ya kwenye simu hayatoshi.

Mojito bado naitengeneza, maana ndimu haina hatia. Utaratibu ndio uliobadilika. Ndimu zinakamuliwa ndani, na kila kitu kinasagwa ndani. Kinachotoka nje ni jagi na glasi, tena bila vipande vya ndimu vya kuwaachia watoto wavichezee. Aliyekamua ananawa kwa sabuni na maji mengi, viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha na mikono hadi kwenye viwiko, ndipo ashike mtoto au atoke juani. Meza inafutwa, maganda yanatupwa. Akirukiwa mtu na maji ya ndimu, anaoshwa kwanza halafu anakaa kivulini. Ukiona madoa au malengelenge siku moja au mbili baada ya shughuli ya namna hiyo, usiyapasue na usipake dawa ya meno. Mpeleke mgonjwa hospitali, na umweleze daktari habari za siku zile zilizotangulia, hata zile unazoziona hazihusiki.

Yapo mateso ya kweli kwa watoto, na mzazi anapaswa kuyafuatilia bila woga. Lakini afuatilie kwa kuuliza. Muulize mtoto kilichotokea, usimpe jibu ndani ya swali. Msikilize anayelea mtoto wako mpaka mwisho wa maneno yake, maana ndiye aliyeona usichokiona ukiwa kazini. Daktari atangulie, hukumu ifuate. Na picha ya mtu isiingie kwenye kundi lolote kabla ukweli haujajulikana.

Ninalo ombi moja kwa kila atakayesoma. Kama picha ya yule msichana wa Singida ilikufikia kwenye simu yako ikiwa na maneno yangu ya laana chini yake, ifute, na umwambie aliyekutumia kwamba mama wa mtoto mwenyewe anasema binti huyo hana hatia, anastahili kuaminiwa na anastahili kazi.